Mchagua Jembe si Mkulima: Programu za Kurekebisha Picha kwa Bei Unayoimudu

Maneno haya yalisemwa katika kikao cha familia hapa Dubai na mama mmoja kutoka Mombasa, ambaye kazi yake ni kuandaa picha kwa ajili ya uchapishaji. Tumeyachapa kwa ajili yako uliyekosa kufika.

Mliofika juzijuzi, poleni na safari, na poleni na joto. Mtalizoea.

Nimeombwa niwaeleze habari ya programu za kurekebisha picha za kuchora: ipi ununue, ipi uichukue bure, na ipi uikimbie. Najua humu ndani kuna wazazi wenye watoto wanaoshinda na simu wakichora. Wapo pia akina dada wanaochora hina na piko, wanaotaka kazi yao ionekane safi. Nawe pengine una daftari la michoro ulilokuja nalo kutoka nyumbani. Maneno yangu ni yenu.

Nianze na mama mmoja. Miezi michache iliyopita alinijia, ametoka Goma, yuko na binti yake wa miaka kumi na mitano. Binti alikuwa amekumbatia daftari la shule. Ndani amechora kwao: Ziwa Kivu, mlima Nyiragongo ukitoa moshi, na kijana anasukuma chukudu yenye magunia ya viazi. Wewe uliyetoka Kivu unaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mzigo kuliko punda. Sasa, safarini maji yalimwagika ndani ya begi. Kurasa nne zilipata doa la kahawia katikati, na mistari ya penseli ikafifia.

Binti alikwisha kuzipiga picha kurasa zile kwa simu. Alitaka aondoe doa, arudishe mistari, kisha apake rangi. Mama yake alikuwa na bahasha yenye dirham 600, akiba ya kidogo kidogo kutoka fedha za jikoni. Mtu alimwambia kwamba bila ile programu kubwa ya wataalamu kazi haiwezekani. Akaniuliza, "Dada, hizi zinatosha?"

Nikamwambia airudishe bahasha mkobani, kwanza tuitazame kazi.

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Watu wengi huanza na jembe. Wanauliza, "Programu bora ni ipi?" kabla ya kujiuliza, "Shamba langu lina majani gani?" Ukianza na jembe utauziwa la bei kubwa kuliko yote, kwa sababu muuzaji hajui shamba lako na wala halimhusu.

Basi tulitazame shamba. Kurekebisha mchoro, mara nyingi, ni kazi tano tu.

Ya kwanza ni kuifanya karatasi iwe nyeupe. Ukipiga picha ya karatasi usiku chini ya taa, inatoka ya manjano au ya kijivu, tena na kivuli cha mkono wako. Ya pili ni kuondoa doa, mkunjo na vumbi. Ya tatu ni kukoleza mistari iliyofifia. Ya nne ni kupaka rangi bila kuharibu mchoro wa chini, na hapo unahitaji programu yenye matabaka. Tabaka ni kama karatasi ya plastiki inayoonyesha: unapaka rangi juu yake, na ukikosea unaitupa hiyo, mchoro wako uko salama chini. Ya tano ni kuihifadhi picha kwa ukubwa unaofaa kuchapishwa.

Ziandike hizo tano kwenye karatasi. Programu yoyote inayozifanya zote inakutosha, na programu za namna hiyo zipo za bure, halali kabisa.

Sasa tazama chombo ulicho nacho mkononi. Usinunue kompyuta kwa sababu ya programu. Tafuta programu kwa ajili ya chombo ulicho nacho.

Kama una simu tu, anza na mbili. Snapseed ni ya Google, ya bure, haina matangazo. Itakusawazishia mwanga, itaondoa umanjano wa taa, na ina kifaa cha kufuta doa dogo kwa kuligusa kwa kidole. Lakini haina matabaka ya kuchorea, kwa hiyo inafanya kazi ya kwanza na ya pili, basi. Kwa kuchora chukua ibisPaint. Imetengenezwa Japani, ni ya bure kwa simu za Android na za iPhone, na gharama yake ni matangazo utakayoyavumilia. Ina matabaka, na ina jambo moja zuri sana: ukiingiza picha ya mchoro wa karatasi, inaweza kuutoa mstari peke yake na kuuacha weupe wa karatasi. Unabaki na mistari yako juu ya tabaka tupu, tayari kwa rangi.

Kama una iPad, ipo Procreate, inayotengenezwa na kampuni ya Tasmania huko Australia. Hii si ya bure, lakini unalipa mara moja tu ikawa yako. Bei yake Marekani imekuwa dola 12.99, ambazo ni kama dirham 48. Bei ya hapa iangalie mwenyewe dukani kabla hujagusa kitufe. Lakini usimnunulie mtoto iPad kwa sababu ya Procreate. Hapo utakuwa umenunua ng'ombe kwa sababu ya kikombe cha maziwa.

Kama una kompyuta ya zamani, nzito kufunguka, isiyo na nafasi, kuna Photopea. Hii huipakui. Unaifungua ndani ya kivinjari kama unavyofungua gazeti la mtandaoni, na inafanya kazi hapo hapo. Ina matabaka, ina kifaa cha kuziba madoa, na inafungua hata mafaili yaliyotengenezwa kwa Photoshop. Picha yako inabaki kwenye kompyuta yako. Wanaishi kwa matangazo, na usipoyataka unaweza kulipa yakaondoka. Kwa mtu anayetumia kompyuta ya kuazima, hii ndiyo ya kwanza kujaribu.

Kama kompyuta yako ina nguvu kiasi, kuna GIMP na Krita. Zote mbili ni za bure moja kwa moja, hazina matangazo, hazina muda wa kumalizika, na zinatengenezwa na watu wanaojitolea pamoja na michango. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko California, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Hiyo ni hodari kwa kusafisha: kung'arisha karatasi, kuziba doa, kurekebisha mwanga. Krita ni hodari kwa kuchora na kupaka rangi. Ukiniuliza mimi, weka zote mbili: moja ya kufulia, nyingine ya kushonea.

Juu ya Krita sikiliza neno hili, litakuokolea fedha. Ukiitafuta kwenye duka la mtandaoni la Microsoft utaikuta inauzwa. Si utapeli; ukinunua pale unawachangia watengenezaji. Lakini kwenye tovuti yao wenyewe programu ni ile ile, bure. Ukiwa na uwezo changia, ukiwa huna usione haya.

Kuna na Affinity, iliyokuwa ikiuzwa na kampuni ya Uingereza. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 Affinity inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva, isipokuwa vile vifaa vya akili bandia ambavyo hulipiwa. Ni programu ya kitaalamu kweli. Inataka kompyuta nzuri na muda wa kujifunza.

Na Photoshop je? Photoshop imekuwapo tangu 1990, na wataalamu wengi wanaitumia, mimi mwenyewe kazini naitumia kwa sababu mwajiri analipa. Siku hizi inalipiwa kama kodi ya nyumba: ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kama mwanao yuko chuoni, aulize bei ya wanafunzi, maana huwa ndogo. Lakini kwa kuondoa doa kwenye daftari, huihitaji.

Hapo kwenye kodi nataka tukae kidogo, kwa sababu mimi niliungua.

Mwaka wangu wa pili hapa nilijiunga na kampuni moja ya programu. Nilisoma bei ya mwezi, nikaiona ndogo, nikaweka kadi ya benki. Mwezi wa nne kazi ikapungua nikataka kutoka. Ndipo nikaelewa kwamba nilichokubali ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa miezi, na kutoka mapema kuna faini. Maandishi yalikuwapo, madogo, chini ya kitufe. Sikuyasoma. Mwezi ule nilichelewesha fedha ya mama yangu Mombasa, na sikuwa na uso wa kumweleza sababu.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba ya kadi yako popote, jiulize maswali manne. Je, ninalipa mara moja au kila mwezi? Kama ni kila mwezi, naweza kutoka wakati wowote au nimefungwa mwaka? Siku za majaribio zikiisha, watakata wenyewe fedha bila kuniuliza? Na nikiacha kulipa, michoro yangu itafunguka bado? Usipopata jibu la moja kati ya hayo, usilipe siku hiyo. Lala, uamke, umuulize mtu. Na ukichukua siku za majaribio, weka alamu kwenye simu, siku mbili kabla hazijaisha.

Jambo lingine ni programu za wizi. Mtaonyeshwa, wala hamtakaa sana. Mtu atakwambia, "Nina Photoshop kamili, dirham 20 tu, nakuwekea sasa hivi." Nami niliwahi kununua laptopu ya mkono wa pili, nikaambiwa ina programu zote ndani, nikafurahi. Baada ya wiki kadhaa nikaiwasha asubuhi nikakuta mafaili yote yamefungwa, na ujumbe wa kudai fedha ili yafunguliwe. Picha za harusi ya dada yangu zilikuwa humo. Sikuzipata tena. Mlango unaomwingizia mtu programu ya wizi ndio huo huo unaomwingiza mwizi.

Tena hapa ni Imarati. Nchi hii ina sheria ya haki za watunzi, Amri ya Sheria ya Shirikisho namba 38 ya mwaka 2021, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Nyinyi mmekuja hapa kutulia. Msiuweke utulivu huo rehani kwa kitu ambacho mnaweza kukipata bure kwa halali.

Na kwa kuwa tumetaja sheria, waambieni watoto neno moja. Kuibadilisha picha ya mtu ili kumdhalilisha au kumchafulia jina ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao, namba 34 ya mwaka 2021, na faini zake zinahesabiwa kwa malaki ya dirham. Utani wa shuleni hausamehewi kwa kuwa ni utani. Mchoro wako urekebishe utakavyo. Uso wa mwenzio uache.

Turudi kwenye kazi ya tano, kuhifadhi na kuchapisha, kwa sababu hapo ndipo watu hunililia dukani. Mtu ananiletea picha, kwenye simu inang'aa, nikiichapa inatoka na ukungu. Sababu ni udogo. Printa nzuri inataka nukta 300 kwa kila inchi. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Kwa A3 ni 3508 kwa 4961. Basi unapoanza mchoro mpya, weka ukubwa huo tangu mwanzo. Picha ndogo ukiivuta baadaye ni kama uji uliozidishiwa maji: umeongezeka, lakini si uji tena.

Hifadhi nakala mbili. Moja ni faili la programu yenyewe, lenye matabaka yako yote. Hilo ni shina, usilifute. Nyingine ni ya kutoa nje, na kwa mchoro chagua PNG. JPEG ni nyepesi, lakini kila ukiifungua na kuihifadhi upya inapoteza kidogo, na kwenye mistari inaacha uchafu pembeni. Na ukimtumia mtu wa duka la uchapishaji kwa WhatsApp, usiitume kama picha, maana huwa inapunguzwa. Itume kama faili, kwenye ile sehemu ya nyaraka. Kwa kosa hilo moja nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika.

Rangi nayo: kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Kijani kinachowaka kwenye simu kitatulia kwenye karatasi. Chapa moja ndogo kwanza uione, ndipo uagize kumi.

Tena ukitaka kuuza, uliza kwanza. Viza ya kukaa hapa si ruhusa ya biashara. Vipo vibali vya watu wanaojiajiri, lakini vina gharama na masharti, kwa hiyo pata maelezo ofisini kabla ya kutangaza bei mtandaoni.

Pa kujifunzia pia pasiwe mzigo. Maktaba ya Al Safa ya Sanaa na Usanifu ni maktaba ya umma, na vitabu vyake vingi ni vya mambo haya haya. Ile kubwa ya Mohammed bin Rashid kule Al Jaddaf, iliyofunguliwa mwaka 2022, iko karibu na kituo cha metro cha Creek. Mpeleke mtoto na simu yake iliyojaa chaji. Meza tulivu na ubaridi vitamsaidia kuliko programu ya dirham 600.

Sasa mtaniuliza habari ya yule binti wa Goma.

Tulikaa jioni tatu. Baada ya jioni ya kwanza alirudia kupiga picha zile kurasa, safari hii asubuhi karibu na dirisha, bila taa, simu ikiwa sambamba na karatasi. Hilo peke yake liliondoa nusu ya tatizo, na halikuhitaji programu yoyote. Ndugu zangu, likumbukeni: picha iliyopigwa vizuri ni rekebisho la kwanza, na ni la bure.

Jioni ya pili alifungua GIMP kwenye kompyuta yangu. Kuna amri humo inaitwa Levels. Unaiambia weupe wa karatasi ni huu hapa, na weusi wa penseli ni ule pale, nayo inavuta vyote mahali pake. Karatasi ikawa nyeupe, mistari ikarudi. Lile doa likabaki limepauka, akaliziba polepole kwa kunakili karatasi safi ya pembeni. Mlima haukumsumbua. Chukudu ndiyo iliyomtesa, kwa sababu doa lilipita juu ya gurudumu, na mstari wa gurudumu haukuwapo tena. Hakuna programu inayojua gurudumu la chukudu lilivyo. Nikamwambia, "Hapa mashine imefika mwisho. Lichore wewe." Akafumba macho kidogo, akalichora. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yetu. Akasema, "Ndilo. Ni hivyo hivyo."

Jioni ya tatu akapaka rangi kwenye ibisPaint, kwa simu yake mwenyewe, kwa kidole. Aliponiaga aliniita tantine, kama wafanyavyo kwao.

Siku hizi anajifunza Krita, kwenye laptopu ya baba yake, anabuni kanga. Krita ina hali moja ambayo kitambaa kinajirudia chenyewe: ukichora ua pembeni kulia, linatokeza upande wa kushoto, na mji wa kanga unaungana bila mshono kuonekana. Pindo bado linamshinda. Jina bado hajalipata. Nimemwambia asiharakishe, jina la kanga halitoki kwenye programu.

Ile bahasha ya dirham 600? Zilitoka chache kwa kalamu ya kuchorea kwenye simu, na chache tena kwa kuchapa kurasa nne za A4. Zilizobaki zilirudi jikoni.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Chukua mchoro mmoja, wako au wa mwanao, uupige picha asubuhi karibu na dirisha. Weka programu moja tu ya bure inayofaa chombo ulicho nacho, uichukue kutoka duka la programu la simu yako au tovuti ya wenyewe, si kwa mtu. Kisha ufanyie mchoro huo zile kazi tano. Ukikwama kwenye moja, tutakapokutana tena niletee hiyo iliyokukwamisha, tuitazame pamoja. Kama kweli programu ya bure imeshindwa, hapo ndipo tutakapozungumza juu ya kununua.

Mungu awape wepesi katika makazi yenu mapya.